Wazee Wetu Mlangoni pa Hospitali

Mwanadamu akiisha kupita umri wa miaka 60 huanza kuyahesabu maisha yake kwa watu aliowauguza na kuwazika zaidi kuliko kwa kazi alizozifanya au safari alizosafiri, na mimi, niliyezaliwa Pangani, nikakulia Tanga, nikasomesha watoto wa watu Dar es Salaam mpaka nilipostaafu, nikitazama nyuma naona kuwa sehemu kubwa ya maarifa niliyo nayo juu ya nchi yangu niliyapata nikiwa nimesimama kando ya kitanda cha mzee aliyepelekwa hospitali kwa dharura. Nilimsindikiza bibi yangu katika miaka ya 1970, baba yangu katika miaka ya 1990, na mama yangu baada ya mwaka 2010. Katika nyakati hizo tatu nchi ilikuwa na tadibiri tatu mbalimbali za kuwapokea wagonjwa, na kila moja ilikuwa na fadhila zake na upungufu wake. Nataka kuyaeleza mabadiliko hayo kwa taratibu, kwa kuwa naamini yamo mambo tuliyoyapata kwa taabu, ambayo tusipoyatunza yatatutoka, na yamo mengine tuliyokuwa nayo zamani, tukayaacha, na sasa twajifunza upya.

Inafaa kwanza nieleze ni mzee gani ninayemkusudia. Wapo wazee wa miaka 80 ambao bado hutoka alfajiri kwenda msikitini kwa miguu yao, hujinunulia samaki wao sokoni, na husimulia habari za zamani bila ya kukosea mwaka; hao Mungu kawajaalia afia, na maradhi yakiwapata huwapata kama yanavyompata mtu wa makamo. Ninayemsema hapa ni mzee aliyedhoofika, ambaye nguvu za mwili wake wote, za moyo, mapafu, figo, misuli na akili, zimepungua kwa pamoja, hata ikawa jambo dogo, kama vile kukosa maji ya kutosha siku mbili tatu, au kubadilishiwa dawa, latosha kumwangusha. Mzee wa namna hii maradhi yake huja kimya. Nimonia yaweza kumshika bila ya homa wala kikohozi. Mshtuko wa moyo waweza kumjia bila ya maumivu ya kifua. Na dalili ya pekee ikawa kwamba ameacha kula, au ameanguka, au anaweweseka usiku akiwaita watu waliokwisha kufariki. Kwa mgeni dalili hizo zafanana na uzee wenyewe. Awezaye kusema kwamba huu si uzee, haya ni maradhi ya jana na leo, aghalabu ni yule aishiye naye nyumba moja.

Bibi yangu mzaa baba alikaa Bweni, ng'ambo ya mto Pangani, katika nyumba ya udongo na makuti iliyozungukwa na minazi aliyoirithi kwa wazee wake. Alfajiri moja, mapema katika miaka ya 1970, wakati wa kutia udhu, aliteleza penye mtungi wa maji, akaangukia ubavu, asiweze kuinuka. Tulipomfunika shuka niliona kuwa mguu wake wa kulia umekuwa mfupi kuliko wa pili na wayo wake umegeukia nje, alama ambayo wakati ule sikuijua maana yake, na ambayo baadaye nilielezwa kuwa ndiyo ya mtu aliyevunjika fupa la paja penye shingo ya nyonga. Vijana wa jirani walimlaza juu ya kitanda cha kamba, wakakiinua mabegani, wakateremka nacho taratibu mpaka ufukweni, wakakipakia katika mashua, na shangazi yangu akaketi kichwani pake akimkinga jua kwa kanga mpaka tulipofika upande wa mji.

Zama zile, kwa kufuata Azimio la Arusha la mwaka 1967, serikali ilikuwa ikieneza zahanati na vituo vya afya mashambani, na matibabu katika hospitali zake hayakuwa na malipo, hata mwaka 1977 sheria ikapiga marufuku hospitali za watu binafsi zilizoendeshwa kwa ajili ya faida. Kwa hiyo hakuna aliyetuuliza fedha. Tabibu aliyetupokea mjini Pangani alikuwa mtu wa makamo mwenye sauti ya upole, na kabla ya kuigusa shuka alisema, "Shikamoo, bibi," akangoja mpaka marahaba ikamtoka bibi katikati ya maumivu. Kisha akamgeukia shangazi na kumhoji kwa muda mrefu: alianguka akiwa macho, au alizimia kwanza ndipo akaanguka; siku zilizotangulia alikuwa akila vipi; alikuwa akienda mtoni mwenyewe au kwa kushikwa mkono. Shangazi akamweleza kwamba tangu wiki iliyopita bibi alikuwa akisikia kizunguzungu kila ainukapo, na kwamba midomo na kucha zake zimepauka. Tabibu akafunua kope ya chini ya jicho, akatazama, akatikisa kichwa, akaandika katika karatasi ya kwendea Tanga kwamba mgonjwa huyu amevunjika, na fauka ya hayo damu imempungukia, na huenda upungufu huo ndio uliomwangusha.

Gari la wagonjwa halikupatikana. Tulipata lori la shamba la mkonge lililokuwa likielekea Tanga, na dereva, Mungu amrehemu, alitandika magunia matupu juu ya bodi, akaendesha mwendo wa mtu atembeaye kwa miguu penye kila shimo, na mashimo yalikuwa mengi. Jua lilikuwa limekwisha kuchwa tulipoliona jengo la kale la Bombo, lililojengwa na Wadachi juu ya mwamba uelekeao bahari. Bibi alipewa damu iliyotolewa na mjomba wetu, na mguu wake ukavutwa kwa kamba na uzito uliotundikwa miguuni pa kitanda kwa majuma mengi, kwani upasuaji wa kulishika fupa kwa chuma, ambao humwezesha mzee kuinuka baada ya siku chache, ulikuwa nadra kupatikana kwetu wakati ule. Shangazi aliruhusiwa kukaa naye mchana kutwa. Alimgeuza, alimsugua mgongo kwa mafuta ya nazi, alimlisha uji, na wauguzi walimwita kwa jina lake kana kwamba ni mwenzao katika kazi. Fupa liliunga, lakini miguu ilikuwa imekwisha kusahau kazi yake, na bibi alirudi Bweni kulala tu. Alifariki kabla ya kusi la mwaka wa pili. Katika ahali zetu hakuna aliyemlaumu mtu, kwa kuwa sote tulishuhudia kwamba waliompokea walimtambua, waliwasikiliza waliomjua, na walimfanyia yote yaliyokuwa katika uwezo wao. Uwezo wenyewe ndio uliokuwa mdogo.

Miaka ishirini baadaye hali ilikuwa nyingine kabisa. Uchumi wa nchi ulikuwa umeyumba katika miaka ya 1980, hospitali zikakosa dawa, nyuzi na glavu, na wauguzi wakakosa mshahara wa kuwakimu. Ndipo mwaka 1993 ukaanzishwa utaratibu wa wagonjwa kuchangia gharama katika hospitali za serikali. Kwa maandishi, mzee aliyepita miaka 60 na asiyekuwa na uwezo alisamehewa malipo. Kwa vitendo, msamaha huo ulihitaji barua ya serikali ya mtaa na sahihi ya afisa wa ustawi wa jamii, na ofisi za watu hao zilifungwa jioni, ilhali maradhi ya ghafla hayana saa. Hivyo mlango wa hospitali, ambao zamani ulikuwa na tabibu, sasa ulikuwa na mlinzi na dirisha la fedha.

Baba yangu, aliyefanya kazi ya reli maisha yake yote, alikuwa amehamia kwangu Magomeni baada ya kustaafu. Alikuwa na maradhi ya sukari, akimeza vidonge vya glibenklamaidi kila asubuhi, na alikuwa mtu wa nidhamu ambaye hakosi dawa yake hata akikosa chakula. Wiki moja alipatwa na tumbo la kuharisha, hamu ya kula ikamtoka, lakini vidonge aliendelea kuvimeza vilevile. Asubuhi ya siku ya tatu nilimsalimia asinijibu. Alinitazama, akaniita kwa jina la dada yake aliyekufa utotoni, kisha akaanza kujaribu kuvaa kitambaa cha meza akidhani ni shuka yake ya kiunoni. Jasho jembamba lilikuwa limemtanda paji la uso na mikono yake ilikuwa ya baridi.

Tulimchukua kwa teksi mpaka hospitali moja ambayo sina haja ya kuitaja. Mlinzi aliruhusu mtu mmoja tu kuingia naye. Tulilipia kadi, tukaelekezwa benchi, na pale bencheni baba akakaa, ameniegemea, usingizi ukimzidi, mpaka adhuhuri ilipopita. Kijana aliyemwona alimuuliza baba mwenyewe mwaka gani huu, na rais ni nani, na alipokosa majibu akaandika maneno mawili matatu, akasema, "Huu ni uzee tu, mama, mrudisheni nyumbani mkampumzishe." Nilimwambia kwamba jana jioni mtu huyu alisoma gazeti na kunieleza yaliyomo, na kwamba anatumia dawa ya sukari na hajala. Akainua kiganja, akamwita mgonjwa aliyefuata. Simweki peke yake katika hatia, kwa maana nyuma yangu palikuwa na umati mkubwa, na nadhani hakuna mtu aliyewahi kumfundisha kwamba akili ya mzee inayopotea kwa siku moja ni dharura sawasawa na damu inayotoka.

Aliyemwokoa baba alikuwa muuguzi mstaafu wa mtaa wetu. Alipomwona akishushwa garini aliuliza swali moja tu, "Ameanza lini kuwa hivi?" na nilipomjibu, akakimbilia kwake, akaja na kichupa cha vijiti vya kupimia, akamdunga ncha ya kidole, akaipaka damu kijiti, akangoja kigeuke rangi. Sukari ilikuwa chini mno. Alihakikisha kwanza kwamba baba bado aweza kumeza, akamnywesha maji ya sukari kijiko baada ya kijiko, kisha tukampeleka kwenye zahanati ya misheni ambako aliwekewa dripu ya sukari, na kabla ya magharibi alifumbua macho, akapapasa kichwa, akauliza, "Kofia yangu mmeiweka wapi? Alasiri imekwisha pita?" Yule muuguzi alituonya tusifanye haraka ya kurudi, kwa sababu figo za mzee huitoa dawa ile polepole, na sukari iliyopanda kwa dripu yaweza kushuka tena usiku, na kweli ilishuka, ikapandishwa, na baba akarudi nyumbani akiwa na akili yake yote. Leo madaktari wengi hawapendi kuwapa wazee dawa ile, kwa sababu hiyohiyo.

Tukio lile lilinifundisha jambo ambalo sikulisahau. Vijiti vya kupimia havikuwa hazina ya yule muuguzi peke yake. Hospitali ile ya kwanza pengine ilikuwa navyo kabatini. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza habari za jana. Zamani za bibi tuliulizwa sana na vifaa vilikuwa haba. Zamani za baba vifaa vilianza kuja, lakini mlango ulikwisha kutenganisha mgonjwa na wale wamjuao, akaingia ndani peke yake, bila ya historia yake, mbele ya mtu aliyekuwa akimwona kwa mara ya kwanza.

Mwaka 2003 ilitoka Sera ya Taifa ya Wazee, na baada yake tukaanza kuona katika hospitali madirisha yaliyotengwa kwa ajili yao, na maandishi ukutani ya kuwataka watu wampishe mzee ahudumiwe kwanza. Hii ilikuwa ihsani kubwa kwa wazee wa presha na sukari wanaokwenda kliniki kwa miguu yao, na wengi niliowajua waliacha kuamka usiku wa manane kuwahi foleni. Lakini dirisha humfaa mzee awezaye kusimama dirishani. Mzee aletwaye saa saba za usiku, amelazwa kiti cha nyuma cha bajaji, hitaji lake ni watu waliofundishwa dharura, na watu hao nchi yetu ilianza kuwapata baadaye kidogo.

Walianza kupatikana Muhimbili, hospitali yenye historia ndefu: asili yake ni hospitali ya Sewa Haji ya mwisho wa karne ya 19, ikahamia pale ilipo mwaka 1956 kwa jina la Princess Margaret, na baada ya uhuru ikaitwa kwa jina lake la sasa. Mnamo Januari 2010 ilifunguliwa ndani yake idara ya tiba ya dharura, kwa msaada wa mfuko wa Abbott, na mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Muhimbili kikaanza kuwasomesha madaktari bingwa wa fani hiyo, ambao wa kwanza walihitimu mwaka 2013. Kabla ya hapo daktari wa zamu katika vyumba vya majeruhi mara nyingi alikuwa kijana aliyemaliza masomo karibuni, akipita tu kwenda fani nyingine. Tangu hapo walipatikana watu walioichagua kazi ya mlangoni kuwa kazi ya maisha yao.

Mama yangu aliingia kwa mlango huo akiwa na umri uliopita miaka 80. Alikuwa akikaa kwa mdogo wangu Tabata, akitembea kwa mkongojo, akipika mwenyewe chai yake ya tangawizi. Usiku mmoja alianza kuona watu waliojipanga ukutani, akawakaribisha kwa jina na kumtaka msichana wa kazi awaletee viti. Hakuwa na homa. Tulipofika, muuguzi wa mapokezi alisema shikamoo kwanza, kisha kwa muda usiozidi ule wa kunywa kikombe cha kahawa akawa amempima presha, mapigo ya moyo, pumzi, joto na sukari, na kumbana kidole kwa kifaa kinachoonyesha hewa safi iliyomo katika damu. Hewa ilikuwa imepungua, akapewa alama ya wagonjwa wasiopaswa kungoja, akaingizwa ndani, akawekewa oksijeni. Fedha zilizungumzwa baadaye.

Daktari, mwanamke kijana, aliinama mpaka uso wake ukawa sawa na uso wa mama, akajitambulisha, kisha akatugeukia sisi watoto wake na kuuliza: wiki mbili zilizopita mama alikuwaje? Alikuwa akioga mwenyewe? Alikuwa akitoka mpaka barazani? Lini kwa mara ya mwisho alikwenda msalani bila ya kushikwa? Kaka yangu alitaja maradhi yake ya miaka mingi, mdogo wangu alitaja hospitali alizotibiwa, nami nikataja tabia ya chakula chake. Na daktari alisikiliza yote kwa adabu, lakini macho yake yalikuwa yakimtafuta mtu wa nne. Msichana wa kazi alikuwa amesimama nyuma ya pazia, amekumbatia mfuko wa dawa za mama. "Tangu juzi hainuki mwenyewe," akasema kwa sauti ndogo, "na maji amekataa, na jana usiku alipumua upesiupesi kama aliyetoka kupanda ngazi." Daktari akamwita mbele, akamwomba auweke mfuko mezani, akavitoa vidonge kimoja kimoja na kuuliza kila kimoja hutolewa saa ngapi, na yule binti, ambaye hakusoma kupita darasa la saba, akajibu bila ya kusitasita. Picha ya kifua ilithibitisha nimonia upande wa kulia.

Baadaye nilisoma kwamba maswali yale yana asili yake. Mwaka 2005 tabibu wa Kanada, Kenneth Rockwood, pamoja na wenzake, walitoa kipimo cha udhaifu wa uzeeni, chenye daraja zinazoanzia mtu mwenye siha njema mpaka yule aliyekaribia mwisho wa maisha, na kanuni yake moja ni kwamba mzee asipimwe kwa alivyo leo hii akiwa mgonjwa kitandani, bali kwa alivyokuwa takriban wiki mbili kabla ya maradhi kumpata. Kipimo hicho hakina waya wala betri. Hakuna mtambo wowote duniani unaoweza kueleza mtu alivyokuwa wiki mbili zilizopita. Hueleza binadamu aliyekuwa naye. Katika nchi yetu pia, watafiti wa Kilimanjaro na wenzao wa Newcastle wamewafuatilia wazee wa wilaya ya Hai kwa miaka mingi juu ya udhaifu na maradhi ya akili, na nafurahi kwamba wazee wa vijijini wamehesabiwa kuwa wanastahili elimu yao wenyewe.

Usiku ule mama alipozidi kuweweseka akataka kuing'oa dripu, na nilidhani watamfunga mikono kitandani, kama nilivyokwisha kuona kwingine. Muuguzi aliniletea kiti, akaniambia nimshike mkono na kumzungumzia habari za kwao, akauliza miwani yake iko wapi, akamvisha, akapunguza taa iliyokuwa ikimpiga usoni. Nilimzungumzia mama mavuno ya nazi na harusi za Pangani mpaka akalala. Siku ya pili asubuhi, mara pumzi ilipotulia, walimkalisha, kisha wakamsimamisha kwa kumshika huku na huku, na mdogo wangu alipolalamika kwamba wanamchosha, walimweleza kwamba kitanda nacho ni hatari kwa mzee. Hilo nalo lina ushahidi: katika uchunguzi uliotolewa Marekani mwaka 2007, wazee wenye afya zao waliokubali kulala kitandani siku 10 tu walipoteza karibu kilo 1 ya nyama ya miguu yao. Nilipoisoma habari hiyo nilimkumbuka bibi na majuma yake ya kuvutwa mguu, nikatambua kilichomwondolea uwezo wa kusimama.

Jambo moja zaidi lilifanyika ambalo zamani nisingaliliona. Daktari alituita pembeni, akatueleza kwa upole kwamba mapafu ya mama yakishindwa kabisa kungekuwa na mashine ya kumpumulia, lakini kwa umri wake na udhaifu wake yawezekana asitoke tena katika mashine hiyo, na kwamba kabla ya kutuuliza sisi anataka kumuuliza mwenyewe. Kaka alikasirika, akasema huko ni kumkatia mama tamaa. Daktari hakubishana naye. Alingoja mpaka akili ya mama iliporudi, akaketi kitandani pake, akamweleza yaleyale kwa maneno mepesi. Mama alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Mwanangu, nitibuni maadamu dawa yanifaa. Ikiwa hainifai tena, nipelekeni nyumbani, watoto wangu wanisomee nikiwasikia." Kaka alitoka nje kulia, na aliporudi aliubusu mkono wa mama. Mashine haikuhitajiwa. Mama alipona, akaishi, na saa yake ilipofika baadaye, ilifika nyumbani Tabata, kama alivyotaka, na hapakuwa na ugomvi baina yetu, kwa kuwa neno lake tulikuwa nalo.

Tangu hapo mambo yameendelea kusonga mbele. Kwa fedha za mkopo nafuu uliopatikana mwaka 2021 kwa ajili ya kupambana na UVIKO-19, majengo ya dharura yalijengwa katika hospitali nyingi za mikoa na wilaya, na mzee wa leo akianguka Bweni ana matumaini ambayo bibi yangu hakuwa nayo. Lakini jengo halitoshi pasipo njia ya kulifikia. Wajawazito na watoto wachanga wamepata mpango wa m-mama, ambamo mtu hupiga simu namba 115 na usafiri ukatafutwa, na ni jambo la kumshukuru Mungu. Mzee aliyevunjika nyonga bado hutegemea gari la jirani. Ni insafu, na yawezekana, kwamba njia iliyofunguliwa kwa ajili ya mama anayezaa ifunguliwe pia kwa ajili ya bibi aliyemzaa. Mabingwa wa maradhi ya uzeeni nao ni wachache mno, ilhali sensa ya mwaka 2012 ilikwisha kuwahesabu watu milioni 2.5 waliofikia miaka 60 na kuzidi, na idadi hiyo yaendelea kukua.

Kwa upande wetu sisi jamaa, maisha nayo yamegeuka. Zamani mzee aliishi na shangazi, na mkaza mwana, na wajukuu, na yeyote kati yao aliweza kumjibu tabibu. Siku hizi watoto wako makazini, wengine wako Muscat au London, na mtu aliyemwogesha mzee jana ni kijana wa kulipwa ambaye mlinzi humzuia langoni kwa sababu si ndugu. Huyo asiachwe nje. Vilevile kila nyumba yenye mzee yapasa kuwa na karatasi moja mahali panapojulikana, imeandikwa dawa zake na saa zake, maradhi yake, na jinsi anavyotembea, anavyokula na anavyozungumza katika siku zake za kawaida, ili atakayemchukua usiku, hata akiwa jirani, aichukue karatasi hiyo pamoja naye.

Na hospitali zetu naziomba jambo lisilohitaji mkopo wala mtambo. Katika karatasi ya mapokezi ya kila mgonjwa aliyepita miaka 60, juu ya mstari wa malipo, iandikwe mistari miwili: mgonjwa huyu alikuwaje wiki mbili zilizopita, na ni nani anayeishi naye. Mistari hiyo isijazwe na karani kwa haraka, ijazwe na yule atakayemtibu, akiwa amemkabili mtu huyo ana kwa ana, mtoto, mjukuu au msaidizi wa nyumbani, na asimruhusu mgonjwa kurudishwa kwa sababu ya uzee mpaka amekwisha kupata majibu. Baba yangu angaliulizwa hivyo siku ile, asingalikaa bencheni mpaka adhuhuri, na wapo wazee wengi ambao, kwa kukosa jirani aliye muuguzi, walirudishwa nyumbani wakafa kwa maradhi yaliyokuwa na dawa. Vifaa tuliomba miaka mingi, na Mungu akatujaalia kuvipata. Sasa tuurejeshe mlangoni ule usikivu ambao tabibu wa Pangani alikuwa nao kabla ya vifaa kuja, ili viwili hivyo vifanye kazi pamoja.